Sahani ya Mtoto Itangulie

Ndugu wamiliki wa migahawa, mama lishe, wapishi, wahudumu, na nyinyi wazazi mliofika na watoto wenu: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na poleni kwa foleni.

Ukitaja mgahawa wa familia hapa Dar, akili za wengi zinakimbilia bembea, ukuta wenye picha za katuni na puto kubwa la kurukia. Tutayafikia hayo. Tunaanzia mezani, kwa sababu mengi tunayoyaita utundu wa watoto hotelini chanzo chake ni namna tunavyochukua oda.

Chukueni familia ya watu watano inayoingia saa saba na nusu mchana, Jumapili. Wamepanda daladala mbili kutoka Mbagala. Yupo mtoto wa mwaka mmoja na nusu, yupo wa miaka minne. Wakubwa wanaagiza kuku mzima wa kuchoma na ndizi, watoto wanaagiziwa chipsi. Mhudumu anaandika yote kwenye karatasi moja, na jikoni wanaipokea kama oda moja wakitaka itoke kwa pamoja. Kuku wa kuchoma anayeanzia ubichi huchukua dakika 40 hadi 50 kwenye mkaa uliokwisha kukolea, na wa kienyeji huzidi hapo. Chipsi ni dakika kumi tu. Kwa hiyo ama chipsi zinakaangwa mapema zikalala na kulegea, ama zinasubiri zamu mwishoni. Kwa vyovyote vile mtoto amekaa karibu saa nzima na njaa yake. Kwa muda huo amemaliza soda, amemwaga chumvi, ameteremka kitini na kukimbia kwenye njia ya wahudumu wenye sinia za moto, amegombezwa, amelia. Chakula kinapofika hakitaki tena, kwa kuwa soda imeshajaza tumbo. Mama anakula kwa mkono mmoja huku meza za jirani zikimkodolea macho. Familia hiyo hairudi, na mwenye mgahawa anabaki kulaumu malezi ya siku hizi.

Pale kilichoharibika ni karatasi ya oda. Ziwe mbili. Mhudumu akishasalimia na kuleta kiti cha mtoto, swali la kwanza liwe "mtoto tumletee nini kwanza?" na jibu lake liende jikoni palepale, kabla wakubwa hawajamaliza kusoma menyu. Ili hilo liwezekane, jikoni kuwe na vitu vitatu au vinne vilivyo tayari muda wote, vinavyoweza kufika mezani ndani ya dakika tano hadi saba: wali na maharage yasiyo na pilipili, ndizi mbivu, chapati, mtori, tikiti lililokatwa muda huohuo. Sahani ya mtoto ikitangulia, mzazi anamlisha huku mazungumzo yanaendelea, na kuku anapofika mtoto ameshiba. Hapo mama anakula kwa mikono miwili. Mwenye mgahawa naye anapata faida ambayo wengi hawajaipigia hesabu, maana meza iliyotulia huongeza oda, na meza yenye kilio huomba bili haraka.

Wapo watakaosema adabu yetu ni kula pamoja, na sinia moja ndiyo inayokusanya familia. Ni kweli, na familia ikitaka sinia iletewe sinia. Lakini kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, chapati nusu ya kutangulia haivunji adabu ya mtu.

Sasa sahani hiyo inayotangulia isije ikamuunguza. Chakula kinachotoka sufuriani kinachemka, na maharage kwenye bakuli hushika moto katikati hata kama juu yamepoa. Ya mtoto yapakuliwe kwenye sahani pana, yatandazwe, yakae dakika chache hukohuko jikoni. Mpishi aguse kwa kijiko safi, asiguse kwa kidole. Sahani za melamini, zile ngumu za rangirangi, hazifai kwa chakula kinachochemka wala kupashia moto, kwa sababu joto la zaidi ya nyuzi 70 huzifanya ziachie kemikali kwenye chakula. Kipakulie humo kikishapoa kidogo.

Hatari kubwa zaidi ni chai na supu. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kumuunguza mtoto vibaya ndani ya sekunde chache, na ngozi yake ni nyembamba kuliko yetu. Kikombe cha chai iliyotoka jikoni sasa hivi kinazidi nyuzi hizo kwa mbali. Kwa hiyo chai, supu na birika la maji ya moto vipite upande ambao mtoto hayupo, visipitishwe juu ya kichwa chake, na vitue katikati ya meza. Kitambaa cha meza kinachoning'inia kiondolewe kwenye meza yenye mtoto mdogo, kwa kuwa akikivuta anavuta na kila kilicho juu yake. Akiungua, mpelekeni kwenye bomba, maji ya kawaida yanayotiririka yapite kwenye jeraha kwa dakika 20 kamili. Dawa ya meno, yai bichi, asali, unga wa ngano, vyote hivyo tuviache. Vinafungia joto ndani ya ngozi, vinaleta vijidudu, na hospitali watalazimika kuviosha upya mtoto akiwa na maumivu. Barafu nayo isiwekwe moja kwa moja kwenye ngozi.

Twende kwenye menyu. Menyu nyingi za watoto hapa mjini ni chipsi na soseji, chipsi na kuku, chipsi mayai, basi. Tunasema bila kumung'unya maneno kwamba huo ni uvivu wa jikoni, kwa sababu chakula kizuri cha mtoto kipo tayari kwenye masufuria yenu. Andikeni "nusu sahani" kwa bei ya nusu au zaidi kidogo, na iwe ni chakula kilekile cha wakubwa: nusu ya wali maharage, nusu ya ndizi nyama, nusu ya ugali na mchicha. Kinachobadilika ni viungo. Watengenezaji wa mchuzi wachote wa mtoto kabla ya kutia pilipili na kabla ya kuongeza chumvi ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, na mtoto ni pungufu ya hapo. Kijiko kimoja cha mchuzi wa unga wa kuongeza ladha kinaweza kula sehemu kubwa ya kiasi hicho.

Samaki ni chakula kizuri sana kwa mtoto, ila chagueni yupi. Changu ni mtamu lakini ana miiba mingi midogo, na mzazi atatumia mlo mzima kuichambua. Nguru hukatwa vipande vya mviringo, mfupa wake mkubwa uko katikati na unaonekana, na minofu ya sangara huja bila mfupa. Hata hivyo mhudumu aseme waziwazi, "tumetoa miiba, lakini kagua tena." Mishikaki ya mtoto itolewe kwenye kijiti jikoni, kijiti kisifike mezani. Nyama ikatwe kukatisha nyuzi zake, vipande vyembamba vya kutafunika. Kwenye chipsi mayai hakikisheni ute umeganda wote, kwa sababu mayai mabichi ndiyo njia ya vijidudu vya kuharisha.

Coco Beach mihogo huchanwa katikati na pilipili huingizwa mle mle kabla hujasema neno. Mzazi aseme mapema, "wa mtoto bila pilipili, kwa kisu kingine." Kisu kilekile kikirudi kwenye muhogo wa mtoto, ulimi wake utawaka vilevile.

Kinywaji cha kwanza kiwe maji. Soda za kawaida zenye sukari huwa na karibu gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina takriban vijiko tisa vya chai. Ikiagizwa, iletwe pamoja na chakula, isitangulie. Juisi ya ukwaju au embe itiwe kwenye glasi ndogo ya mililita 150, na muulize kwanza kama sukari iongezwe. Vinywaji vya kuongeza nguvu visipelekwe kabisa kwenye meza ya mtoto, hata akilia.

Kuna watoto ambao jikoni hakuna chao. Wa chini ya miezi sita ananyonya tu, na haonjeshwi maji wala mchuzi. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hata kijiko cha kupaka kwenye chapati za maji, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachotoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga na kulegeza misuli. Mama anayenyonyesha apewe kiti chenye ukuta nyuma yake, mbali na feni inayopuliza moja kwa moja. Kumwelekeza chooni akanyonyeshe ni kumdhalilisha, na tunaomba jambo hilo likome kabisa.

Hapa tutakaa kidogo: kukabwa. Ndilo jambo linaloweza kuua mtoto mezani ndani ya dakika chache, na wahudumu wengi hawajafundishwa. Vyakula vinavyokaba ni vya mviringo, vigumu au vinavyoteleza, vyenye ukubwa wa koo la mtoto. Soseji iliyokatwa vidude vya duara ni kizibo kamili cha koo. Ipasueni kwa urefu mara nne ndipo mkate vipande vidogo. Zabibu na nyanya ndogo vivyo hivyo. Karanga nzima, korosho, bisi na pipi ngumu visipewe mtoto wa chini ya miaka mitano. Ubuyu wa kupakwa sukari na rangi, ambao watoto wetu wanaupenda mno, una mbegu ngumu ndani na uko kwenye orodha hiyohiyo. Na ule utaratibu wa kuleta bili pamoja na pipi kwenye kisahani ufikirieni upya, kwa sababu mtoto huinyakua mzazi akiwa anahesabu pesa. Mleteeni kipande cha ndizi mbivu.

Mtoto akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwacheni akohoe. Msimpe maji, msimpige mgongoni, msimwinue miguu juu. Hali inabadilika pale kikohozi kinapokosa sauti, hawezi kulia, midomo inaanza kuwa ya buluu. Hapo msisubiri gari.

Kama ana umri wa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukishikilia taya lake bila kubana koo. Piga mapigo 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kama hakijatoka, mgeuze chali, kichwa bado kiwe chini, msukume mara 5 katikati ya kifua, juu ya mfupa, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia, 5 na 5. Tumbo la mtoto huyu halisukumwi kamwe, maini yake yanaweza kupasuka.

Aliyezidi mwaka mmoja, mwinamishe mbele, mapigo 5 kati ya mabega. Halafu simama au piga magoti nyuma yake, kunja ngumi moja juu ya kitovu na chini ya mfupa wa kifua, ishike kwa mkono mwingine, vuta kwa ghafla kuelekea ndani na juu, mara 5. Rudia mpaka kitoke. Msiingize kidole mdomoni kutafuta kitu msichokiona, maana mnakisukuma ndani zaidi. Akizimia, alazwe sakafuni, aanze kufufuliwa kwa kusukumwa kifua na kupuliziwa pumzi, mwingine atafute usafiri. Na hata akipona, mtoto aliyesukumwa tumbo apelekwe hospitali akaguliwe. Nambari ya simu ya hospitali ya karibu, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au ya kwenu mtaani, ibandikwe ukutani kaunta kwa maandishi makubwa. Simu ya meneja inaweza kuwa imeisha chaji siku hiyo.

Jikoni sasa. Joto la Dar ni rafiki wa vijidudu. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana haraka, na chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Wali ndio unaotudanganya zaidi. Mbegu za kijidudu kimoja cha kwenye mchele hazifi kwa kuchemka, wali ukikaa vuguvugu kwenye sufuria kuanzia saa nne asubuhi mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Kwa hiyo kiporo cha wali kilicholala juu ya meza hakiokolewi na moto wowote. Mtu mzima atatapika na kesho ataenda kazini. Mtoto wa kilo 10 anapoteza maji haraka na anaweza kuishia kwenye dripu. Wali wa kuuzwa ukae kwenye hotpoti au juu ya maji ya moto, zaidi ya nyuzi 60, na unaobaki utandazwe kwenye sinia, upoe, uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kwisha. Nunueni kipimajoto cha chakula, kile cha ncha. Kuku achomwe ncha kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, na isome nyuzi 70 au zaidi. Kuku anayechemshwa nusu asubuhi na kuachwa kwenye beseni hadi mchana akaangwe ni tatizo lilelile la wali.

Kibao cha kukatia kuku mbichi kisikate kachumbari. Vibao viwili, vya rangi tofauti, na gharama yake ni ndogo.

Barafu nayo. Tunachemsha maji ya kunywa halafu tunatia kwenye juisi barafu ya maji ya bomba yasiyochemshwa, au mbaya zaidi, barafu iliyokuwa imewalaza samaki. Ubaridi hauui kijidudu cha kipindupindu. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza jijini hapa mwezi Agosti, kikasambaa mikoani, na hatuhitaji kukumbushwa mara ya pili. Barafu ya vinywaji itengenezwe kwa maji yaliyochemka, iwe na chombo chake na kijiko chake.

Na kunawa. Utaratibu wetu wa birika na beseni ni mzuri kuliko bakuli moja la kuchovya vidole ambalo meza nzima inalitumia, kwa sababu maji yanatiririka na uchafu unaondoka. Mhudumu aanze na watoto, amwage kidogo, ampe sabuni ya maji, mtoto asugue viganja, migongo ya mikono na katikati ya vidole kwa sekunde 20, ndipo amwage ya kusuuza. Maji yawe ya baridi au vuguvugu. Tumeona mabirika yanayoletwa yakifuka mvuke kwa nia njema, mikono ya mtoto haiyawezi. Kwenye sinki wekeni kigoda kipana kisichoyumba, chenye urefu wa sentimita 20 hivi.

Suala la mzio linapita haraka kwenye migahawa yetu, na lisipite. Karanga ziko kwenye kisamvu, kwenye mchicha, kwenye kashata. Kamba na samaki hukaangwa kwenye mafuta yaleyale ya chipsi, na mtoto mwenye mzio wa samaki akila chipsi hizo anaweza kuvimba bila kugusa samaki. Mzazi akisema mtoto hawezi karanga, mhudumu asijibu "hamna shida" kabla hajaenda kumuuliza mpishi. Midomo ikivimba, ngozi ikatoka mabaka na pumzi ikawa ya shida, ni hospitali mara moja.

Viti. Mtindo wa kupandanisha viti viwili vya plastiki ili mtoto aifikie meza umeangusha watoto wa watu wengi. Mtoto akisukuma meza kwa miguu, mnara huo unakwenda nyuma. Kiti chake maalumu si lazima kitoke dukani. Mafundi seremala wa Keko wanaweza kukitengeneza vizuri mkiwapa vipimo. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75, basi makalio ya mtoto yakae sentimita 50 hadi 55 kutoka sakafuni. Miguu ya kiti itanuke kwenda chini, chini kuwe kupana kuliko juu kwa pande zote nne. Kiwe na mkanda wa kiunoni na mwingine unaopita katikati ya miguu. Huu wa pili ndio wengi wanausahau, na ndio unaomzuia asiteleze chini ya trei akaning'inia shingo. Kiwe na pa kukanyaga. Kingo zipigwe msasa, rangi iwe isiyo na risasi. Kinatumika kwa mtoto anayekaa mwenyewe bila kushikiliwa, kwa kawaida kuanzia miezi sita, hadi karibu miaka mitatu. Kiwekwe mbali na ukuta au nguzo anayoweza kuisukuma, na mikanda ifuliwe, maana ndiko uji wa wiki iliyopita ulikojificha.

Chooni pawe na meza ya kubadilishia pampasi, yenye kimo cha kiuno cha mtu mzima na kingo zilizoinuka, pamoja na ndoo yenye kifuniko. Iwekwe mahali ambapo hata baba anaweza kuingia. Akina baba wengi wa Dar wanatoka na watoto wao peke yao, na hawana pa kumbadilisha isipokuwa kwenye kiti cha gari.

Tumeahidi kufika kwenye bembea. Kitu cha kwanza mtakachokikagua ni tairi kuukuu. Kila uwanja wa watoto mjini umepambwa nazo, zimepakwa rangi, zimefukiwa nusu, na ndani yake kuna maji ya mvua. Mbu anayeeneza homa ya dengi anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama kama hayo, anahitaji siku 7 hadi 10 kutoka yai hadi mbu mzima, na anauma mchana, saa ambazo watoto wanacheza. Dar tuliugua dengi 2014 na tena 2019. Toboeni kila tairi matundu matatu au manne upande wa chini, makubwa ya kupita kidole, na hata hivyo mkague kila wiki. Vyungu vya maua na sahani zake navyo vimwagwe.

Chini ya bembea na mteremko wa kuteleza pawe na mchanga laini wa kina cha sentimita 30, uchotwe upya na kutibuliwa, maana ukishindiliwa na miguu unakuwa kama sakafu. Zege na vigae visikaribie. Mbele na nyuma ya bembea acheni nafasi wazi mara mbili ya kimo cha bomba inakoning'inia. Kwenye vizuizi na ngazi, mwanya wa kati ya sentimita 9 na 23 unapitisha kiwiliwili na kunasa kichwa, kwa hiyo uwe mdogo au mkubwa kuliko hapo. Mteremko wa bati uwekewe kivuli. Saa nane mchana unaunguza mapaja. Puto la kurukia lifungwe kwa kamba kwenye kila pembe, kwa vigingi vilivyozama ardhini au mifuko ya mchanga, na upepo wa baharini ukizidi lishushwe. Wenye bwawa la kuogelea wawe na uzio wa angalau mita 1.2 unaojifunga wenyewe mlangoni. Mtoto anazama kimya, hapigi kelele. Na mtu wa kuangalia uwanja awe na kazi hiyo moja, asiwe mhudumu anayechungulia akipita na sinia.

Kwa nyinyi mnaouza bia na nyama choma: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18, na kilevi hakiuzwi kwake. Mtoto anayetumwa na baba yake kaunta kuchukua chupa mbili asipewe. Mhudumu azipeleke mezani mwenyewe. Tengeni upande wa familia mbali na spika, na muziki uwe wa kiasi ambacho watu wa meza moja wanazungumza bila kuinua sauti. Jikoni la mkaa liwekewe kizuizi cha urefu wa mtu mzima, kwa sababu mtoto anavutwa na cheche.

Wazazi, na nyinyi mna sehemu yenu. Fikeni kabla ya saa ya njaa, kwa mfano saa sita badala ya saa nane, kabla mgahawa haujajaa na kabla mtoto hajafika muda wake wa kulala. Pigeni simu nusu saa kabla mkiwa njiani, agizeni kuku aanze kuchomwa, foleni ya Dar iwafanyie kazi. Mtoto aliyekaa kwenye bajaji saa nzima ana kiu kabla ya njaa, mpeni maji mkiwa bado njiani. Bebeni kikombe chake chenye mpini, taulo ndogo, nguo ya kubadilisha, na chombo chenye kifuniko cha kubebea mabaki, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na chakula cha moto hakikuwa na maana ndani yake hata kabla ya hapo. Mabaki hayo yakiwa yamekaa mezani saa moja na njiani saa nyingine, muda wake umekwisha. Yaliwe mkifika au yaachwe. Mtoto akianza kuchoka, mmoja wenu atoke naye nje atembee, mwingine alipe. Msimfunge kwa simu tangu mnapokaa. Akitazama simu anameza bila kutafuna, na tumeshasema kinachofuata.

Wahudumu, mtoto akiwaamkia "shikamoo", itikieni "marahaba" mkimtazama usoni kabla ya kuendelea na oda. Mtoto aliyeitikiwa vizuri hukaa kitini muda mrefu zaidi.

Hapa mbele kuna viti vitatu, kimoja cha dukani na viwili vya mbao, na midoli ya kufanyia mazoezi ya kukabwa. Tunaanza na wahudumu, wawili wawili: mmoja afunge mikanda yote miwili na ajaribu kukiangusha kiti kwa kukisukuma kutoka kwenye meza, mwingine apige mapigo matano kati ya mabega. Wapishi, mtafuata baada yao na vipimajoto, na wali uko kwenye hotpoti pale, upimeni sasa na mpime tena baada ya saa moja.